Sabuni ya Kuombea Kura

Jumatatu, 10 Julai 2023

Baridi! Upepo wa asubuhi umeingia mpaka ndani ya cherehani. Mafuta yake yameganda. Vidole havishiki sindano. Nimeshona suruali moja ya shule, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mwenyewe hajaja kuichukua. Naomba asije leo.

Naanza daftari hili kwa sababu Jumapili ni uchaguzi wa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika, na kiongozi lazima awe na kumbukumbu zake. Mimi Isdori, fundi cherehani, miaka arobaini na saba, nitagombea. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza nilipata kura mbili. Moja yangu. Ya pili ya mama mkwe wangu, mama Scola, aliyekuwa mgeni tu kutoka Kaoze na hakutakiwa kupiga kura. Alidhani wanauliza nani anataka chai.

Mke wangu Coleta alimnyooshea mkono Nestory. Sijawahi kumuuliza kwa nini. Naogopa jibu.

Nestory ndiye mwenyekiti. Pia ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Seremala. Mrefu, sauti nzuri ya kuanzishia nyimbo, watoto wanamkimbilia. Nimemchunguza miaka tisa sijamwona na kosa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Sasa mpango. Sabuni! Kila nyumba ya jumuiya, mche mmoja, umegongwa herufi I. Nani atakayekataa kumnyooshea mkono mtu aliyemfulia sare za wanawe?

Kutengeneza nimejifunza leo hii. Chumba cha uani tumempangisha Mwalimu Herieth, anafundisha kemia sekondari. Nimemuuliza kwa ujanja, kama vile ninamuulizia binti yetu Edith aliyeko bweni. Alifurahi. Kasema vitu vyenye ukali wa kuchachuka, kama limau, siki na maziwa mgando, ni tindikali. Vitu vyenye utelezi na uchungu, kama magadi, maji ya majivu na chokaa, ni besi. Vikikutana vinatulizana, panabaki chumvi na maji. Mafuta nayo yamebeba tindikali yake ndani. Yakipikwa na besi iitwayo kostiki, yanazaa sabuni. Na sabuni, kasema, kwa watu wa kemia ni aina ya chumvi.

Nikamwambia chumvi haitoi povu. Akasema chumvi ni ukoo mkubwa, hii ya mezani ni mtoto mmoja tu.

Halafu akaniharibia siku. Kasema kostiki inakula nyama. Nikauliza nyama gani. Akasema, "Ya mkono wako, baba Edith."

Kiungulia kikanianza palepale. Changu huja na hofu. Nikatafuna kidonge. Mwalimu akaangalia pakiti, akasema hicho nacho ni besi: tumboni mwa kila mtu mna tindikali, kidonge kinaituliza. Kumbe ninatembea na tindikali mwilini siku zote! Hakuna aliyewahi kuniambia! Tangu hapo napiga hatua polepole, isije ikamwagika.

Jumanne, 11 Julai

Mafuta ya ng'ombe yamepatikana. Ndoo mbili, kutoka kwa Mboje, Msukuma anayepandisha ng'ombe mnadani kutoka bondeni upande wa Muze. Tumebadilishana kwa koti nililomshonea. Akaniuliza kama nimewahi kupika sabuni. Nikasema mara nyingi. Akaitazama mikono yangu, laini kama ya bibi harusi. Hakusema kitu. Sipendi watu wasiosema kitu.

Mchana nimefanya majaribio. Mwalimu Herieth alinidokeza kwamba maji ya choya, yale maua mekundu ya juisi, yanatambua tindikali na besi. Nikachemsha choya kavu ya Coleta, nikagawa kwenye vikombe sita. Limau: yakazidi wekundu. Maji ya majivu: yakageuka kijani! Maji ya sabuni ya kipande: kijani-kijani. Siki: nyekundu. Kidonge cha kiungulia kilichosagwa: yakafifia, yakaelekea bluu. Nikaona raha ambayo sijaiona tangu niache shule.

Cha sita nikatemea mate yangu. Mama Scola akatokea mlangoni. Yuko kwetu tangu wiki iliyopita, amejifunika lile blanketi lake jekundu lenye picha ya simba, maana kwao bondeni ni joto, baridi ya huku juu inamwonea. Akaangalia vikombe, akaniangalia mimi. Akauliza natafuta mchawi gani. Nikamweleza kwamba ni sayansi. Akasema kwao Kaoze wamepikia majivu tangu enzi za bibi yake na hawajawahi kuyauliza maswali. Akaenda chumbani kwake. Nikasikia komeo.

Kostiki nimenunua sokoni. Vipande vyeupe, vyembamba, kama mshumaa uliokwanguliwa. Muuzaji kafunga mifuko miwili, kasema: glavu, miwani, na unamwaga kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji kwenye kostiki. Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa hakikuwa kinasikiliza. Kilikuwa kinahesabu kura.

Chombo! Nilisahau chombo. Wote wanasema sabuni hupikwa kwenye pipa la chuma. Mtaani nusu pipa la chuma analo mtu mmoja. Nestory. Nikamwombe Nestory pipa la kumwangushia? Afadhali nife.

Lakini stoo yetu ina sufuria la jumuiya. Coleta ndiye mtunza vyombo. Ni la alumini, kubwa, linapika wali wa watu mia. Akina mama wamelichangia miaka miwili. Coleta halisugui kwa mchanga, analisugua kwa kitambaa, kama anamwogesha mtoto mchanga. Yeye yuko Mwimbi kwa dada yake, wanavuna ulezi. Anarudi Ijumaa. Ufunguo uko nyuma ya mlango.

Nitalitumia asubuhi moja tu. Sabuni inasafisha. Litarudi safi kuliko lilivyokuwa. Hii ni mantiki.

Jumatano, 12 Julai

Mungu wangu.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kitambaa.

Saa nne, mama Scola akiwa kwa jirani anaota jua, nikawasha moto kwenye mafiga uani. Nikamimina kostiki kwenye sufuria. Nikachukua jagi la maji. Nikamwaga.

Kichwa kikakumbuka baada ya mkono.

Likachemka! Moto haujashika vizuri, na maji yanachemka yenyewe, yanafoka, yananguruma. Mvuke ukanichoma kooni kama pilipili ya kukaangwa. Nikajipa moyo: sabuni ina haraka ya kuzaliwa. Nikaongeza maji. Tone likarukia suruali. Pakatokea tundu. Suruali mpya!

Halafu sufuria lenyewe likaanza. Povu likatoka kwenye kuta zake, mahali ambapo sikuweka chochote. Rangi ikageuka kijivu, kisha nyeusi. Lilikuwa linalia, sauti nyembamba, ssssss, kama nyoka aliyekanyagwa. Nikalifunika. Nikaenda kuchutama nyuma ya tenki la maji nikasali litania ya watakatifu wote. Nilipoyasahau majina nikaanza upya.

Nilipochungulia, moto ulikuwa unazimika wenyewe. Matone. Yanatoka chini ya sufuria! Nikavuta kuni, nikachota uji ule mweusi kwa kata, nikautia kwenye ndoo ya plastiki, nikaificha nyuma ya choo na ubao juu yake. Nikainua sufuria. Nikaliangalia jua kupitia sufuria. Matundu matatu kama punje za mahindi, moja kama haragwe.

Mikono ilikuwa inateleza. Nikaisugua, ikazidi kuteleza, kama bamia. Nikaisuuza na maji ndoo nzima, wa kulia ukabaki umeungua.

Mwalimu Herieth karudi kutoka shule saa tisa. Nikamweleza nusu. Akashika kichwa. Kasema alumini na kostiki havikai nyumba moja. Kostiki inaila alumini na kutoa haidrojeni, hewa inayolipuka ikiguswa na moto. Na mimi nilikuwa nimeifunika! Juu ya moto! Nikauliza kuhusu utelezi wa mikono. Akasema ule utelezi ni mafuta ya ngozi yangu mwenyewe, yalikuwa yanageuka sabuni.

Nilikuwa nageuka sabuni.

Nimetafuna vidonge vinne.

Kauliza ndoo iko wapi. Nikamwonyesha. Kasema nisiiguse, nisiisogeze, nisiongeze chochote. Shuleni wana mitihani. Ijumaa atakuja na glavu na miwani aizimue taratibu. Kauliza sufuria ni la nani. Nikasema la nyumbani.

Si uongo. Liko nyumbani.

Jumamosi ya wiki ijayo jumuiya ina sherehe yake ya mwaka. Wali wa watu mia. Sitaki kufikiria.

Alhamisi, 13 Julai

Leo nimelipeleka sufuria kwa fundi wa kuchomelea. Nikakodi guta la matairi matatu. Mtaa una macho, kwa hiyo nikalifunika kwa blanketi la simba la mama Scola, aliyekuwa bado amelala chini ya mengine mawili. Sufuria limelala chali, mviringo, blanketi juu. Sikuona kwamba lilifanana na kitu. Wengine waliona.

Kwenye kona ya kanisa: Mama Gaudiosa! Mwenyekiti wa akina mama, mjane, mzee wa miaka sabini, ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha sufuria. Nikamwamkia shikamoo nikamwambia dereva asisimame. Dereva akasimama. Kila mtu humsimamia Mama Gaudiosa.

Akalitambua blanketi. Akauliza, "Scola huyo? Amekuwaje?"

Mdomo wangu, bila ruhusa: "Tumbo, mama."

Akauliza mbona amefunikwa hadi usoni. Nikasema baridi. Akasema maskini, na tumbo limemvimba kweli. Kisha akaweka kiganja juu ya sufuria la jumuiya akalisalia Salamu Maria tatu. Dereva wa guta akavua kofia. Nami nikaitikia, ningefanyaje? Alipomaliza, rozari yake ikagonga. Ngong! Mama Gaudiosa akakunja uso. Nikakohoa kwa nguvu mpaka machozi. Akanionea huruma, akasema tunaambukizana humo ndani, kesho atakuja na akina mama walete uji wa ulezi.

Fundi kalipindua, kaliinua kwenye mwanga. Akauliza kama naleta sufuria au chujio. Mashine yake haishiki alumini, na hata ingeshika, kitako kizima kimeliwa, kimebaki chembamba kama karatasi. Akanipakia gundi nyeusi ya kuzibia. Linafaa kuhifadhia nguo, kasema. Lisiuone moto.

Limerudi stoo. Matundu yameelekea ukutani. Kiungulia hakijashuka tangu kona ya kanisa. Pakiti ya vidonge imeisha.

Ijumaa, 14 Julai

Mkono wa kulia umeanza kushika kalamu, nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilimwendea mama Scola. Nikapiga magoti. Nikasema, "Mama, naomba uumwe kidogo."

"Niumwe nini?"

"Tumbo."

"Tumbo langu limekukosea nini, mkwe?"

Akanitazama mpaka nikasema yote. Sufuria, kostiki, blanketi, Salamu Maria. Kasema hawezi kudanganya wanawake waliobeba uji. Ila atalala kwa sababu ya baridi, na atagumia, maana hugumia kila siku na hakuna anayemjali. Lakini Coleta akirudi, nimweleze mwenyewe kabla ya jua kuzama. Nikaapa.

Saa tisa wakaja. Akina mama kumi, vyungu vya uji, nyimbo. Na Nestory! Mwenyekiti huwatembelea wagonjwa, nilisahau. Begani amebeba lile nusu pipa lake. Amefikiri mgonjwa atahitaji maji mengi ya moto, na wageni chai. Hakuombwa. Kaleta tu.

Akazunguka uani kutafuta pa kuliweka. Akaelekea nyuma ya choo.

Nikakimbia. Nilipofika ameshafunua ubao, amechutama, anauliza kwa upole ni dawa gani hii, au ni ya kuku. Nikaona mwisho wangu. Na nikaona, kama taa inawaka, somo la Jumatatu: tindikali na besi vikikutana panabaki chumvi na maji! Hakuna kostiki, hakuna ushahidi! Chupa ya siki ilikuwa dirishani mwa jiko. Nikainyakua, nikasimama juu ya ndoo, nikamwaga yote kwa mkupuo.

Ikaruka.

Ile sauti aliyoitoa Nestory sitaisahau. Haikuwa sauti ya kuanzishia nyimbo. Akaanguka kwa magoti, mikono usoni. "Jicho! Jicho langu! Isdori, jicho!"

Seremala. Anapima ubao kwa jicho moja, jingine amelifumba. Hilo ndilo lililonijia kichwani.

Nikakimbilia jikoni nikakata limau. Naandika hili ingawa naona aibu. Niliwaza: kostiki ni besi, limau ni tindikali, nikamulie. Nilikuwa nimeshamshika kichwa, limau liko juu ya uso wake, lango likagongwa ukutani, na Mwalimu Herieth akiwa na glavu mkononi akapiga kelele ambayo sikujua anayo:

"Tupa hilo limau! Utampofusha! Maji! Maji tu!"

Nikalitupa mbali, likaenda mpaka kwa jirani. Mama Scola, mgonjwa, akatoka chumbani mbio, ndoo kichwani, haishikwi na mkono. Akina mama wakamwona. Wakaanza kupanga foleni kutoka bombani, ndoo kwa ndoo.

Tukamlaza kwenye benchi, ubavu, jicho bovu chini ili maji yasiingie kwenye jicho zima. Mwalimu akalifungua kope kwa vidole. Mimi nikamwaga. Jagi moja, jagi jingine, polepole, kutoka upande wa pua kwenda nje. Maji ya Julai, baridi kama kisu. Nestory anatetemeka mwili mzima. Nikauliza basi? Mwalimu akatazama saa, akasema bado. Nikauliza tena. Bado. Kasema kostiki haitoki haraka, inazama ndani, inaendelea kula kimyakimya. Ukiacha mapema umemwacha nayo. Mabega yakawaka moto. Mwanamke mmoja akataka kunipokea. Nestory akanishika kifundo cha mkono.

"Usiache, Isdori. Usiache."

"Siachi."

Nusu saa nzima. Sikuwaza kura. Sikuwaza sufuria. Naandika hili kwa sababu ni kweli, na sina mambo mengi ya namna hiyo.

Wakampeleka hospitali, mkewe Rozina amemkumbatia kwa nyuma kwenye bodaboda. Mwalimu Herieth akabaki na ndoo yangu, miwani usoni, anaizimua kwa maji mengi kidogo kidogo. Hakunitazama.

Coleta kaingia jioni na kiroba cha ulezi. Akakuta ua umekuwa tope, vyungu vya uji havijaguswa, mama yake amelowa, na mimi nimekaa juu ya benchi nimeshika jagi tupu. Nilifungua mdomo nimweleze. Jua likazama, bado umefunguliwa.

Jumamosi, 15 Julai

Coleta kafungua stoo mwenyewe saa moja asubuhi. Nilimsikia akiligeuza.

Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Akatoka, akakaa kwenye ngazi, sufuria mapajani. Kasema, "Baba Edith, akina mama walinipa mimi." Basi. Akaingia ndani kutwanga. Ametwanga mpaka saa sita, na hatukuwa na kitu cha kutwanga zaidi ya debe moja.

Kwa Nestory kimya. Kila asubuhi huwa naichukia sauti ya randa yake, kwaruu, kwaruu, kabla sijanywa chai. Leo nimesimama ukutani nikaitafuta. Hakuna. Bata wao tu.

Niliwaza kutoroka. Nishuke na lori mpaka Muze, nikashone nguo za watu wasionijua. Nikafunga mkasi na futi kwenye kitambaa. Mama Scola akapita, akauliza kama nitahitaji na blanketi lake. Nikafungua kitambaa.

Nilimwendea Mwalimu Herieth kumuuliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa vitabu, jicho likiliwa na besi linakuwaje. Akasema linaweza kubaki na ukungu mweupe, kama jicho la samaki aliyechemshwa. Kisha akaona uso wangu, akajuta. Akasema maji yalimwahi. Akasema pia kosa ni lake, alinifundisha nusu saa tu. Nikataka kukubali. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaufunga.

Rozina kaja saa nane. Nilimwona kwa mbali. Kasema daktari ameliangalia kwa taa: limeungua juu juu, kidonda chembamba, litapona, ataona. Daktari kauliza nani aliyeliosha. Rozina kamtaja Isdori. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru, mikono hii hii.

Hajui kuhusu siki! Nestory alikuwa ameinamia ndoo, hakuona chupa!

Nikaenda nyuma ya choo nikalia. Dakika kama tano za furaha. Halafu nikakumbuka kwamba kesho ni uchaguzi, na mwenye jicho lile ataniona nikiingia.

Jumapili, 16 Julai

Jumuiya imekutana nyumbani kwa Mama Gaudiosa baada ya misa. Watu ishirini na nane. Nestory kaja, pamba na plasta upande mmoja wa uso. Wote wakasimama. Nilikaa karibu na mlango.

Baada ya sala, Nestory akaomba kusema. Kasema daktari amemtaka apumzike. Kasema kuna mtu alimwagia maji nusu saa bila kubadilishana na yeyote, mpaka mkono ukafa ganzi. Kasema hawezi kuona vizuri leo, lakini anajua anachokiona. "Napendekeza ndugu Isdori awe mwenyekiti."

Mimi!

Mikono ikaanza kupanda. Mitano. Tisa. Kumi na minne! Na mimi nikanyoosha wangu, ili kuonyesha umoja. Sikuwa natakiwa kufanya lolote. Kukaa kimya tu. Ninajua kukaa kimya. Nikawa natabasamu.

Ndipo Mama Gaudiosa akasema, kabla hawajahesabu, jambo dogo. Sherehe ya jumuiya ni Jumamosi. Sufuria kubwa liko tayari?

Coleta akasimama. Kaanza kusema kwamba yeye ndiye mtunza vyombo, na kwamba lolote lililotokea kwenye stoo ni lake yeye, na kwamba...

"Ni mimi."

Nilidhani ni mtu mwingine amesema. Wote wakanigeukia. Nikasema yote, haraka, bila nukta: kura, sabuni, kostiki, matundu, guta. Nilipofika kwenye Salamu Maria, Mama Gaudiosa akafunga macho. Nilipofika kwenye siki, Rozina akasimama, akakaa. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Ukabaki mmoja juu. Ulikuwa wangu. Nikaushusha.

Nestory akanigeuzia jicho zima. Kisha akauliza, "Siki ulimwaga wewe?"

"Mimi."

"Na maji?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi beba yote mawili, jirani. Mimi sitakubebea hata moja."

Wamemchagua tena Nestory. Nimepata kura sifuri. Wali utapikwa kwenye pipa lake. Coleta wamembakiza mtunza vyombo. Ufunguo sasa uko shingoni mwake. Na mimi, mpaka sufuria jingine lipatikane, nitaosha vyombo vyote vya jumuiya baada ya kila shughuli. Mama Gaudiosa kasema nitaanza na vya msiba wa wiki iliyopita, ambavyo vimekaa vinanisubiri.

Tulirudi mimi na Coleta. Langoni akanitangulia kunifungulia. Tangu jana alikuwa hanifanyii lolote. Sikuthubutu kumuuliza kitu.

Jumanne, 18 Julai

Masufuria kumi na moja ya alumini. Meusi! Masizi ya miaka. Jana nimesugua kwa majivu na mchanga mpaka jioni, nimemaliza moja na nusu. Bega limekufa. Mwalimu Herieth kapita, kasema majivu ni besi pole, yanakula mafuta taratibu bila kumdhuru mtu, kinachotakiwa ni subira na mkono. Subira ninayo. Mkono ndio sina.

Asubuhi hii nimepeleka suruali ya fundi mmoja wa betri za sola kule barabarani. Nikaona kitu cha ajabu. Ameshika nati yenye kutu, akaidondoshea maji ya betri. Ikatoa povu kidogo, kutu ikayeyuka, nati ikang'aa kama mpya! Sekunde chache! Bila kusugua! Nikamuuliza kama inaondoa na masizi. Akasema hajawahi kujaribu. Hajawahi kujaribu! Nimebadilishana naye suruali kwa galoni moja.

Nimelifikiria sana njiani, sikukurupuka. Nilirudia masomo yote. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa kostiki, na kostiki ni besi. Maji ya betri ni tindikali. Ni vitu vinavyopingana kabisa, Mwalimu mwenyewe alisema. Kwa hiyo yaliyotokea kwa kile hayawezi kutokea kwa hiki. Yatatokea kinyume chake.

Coleta yuko sokoni. Mwalimu yuko shule. Nimewasha redio ili wasisikie kama patakuwa na mlio, ingawa hapatakuwa.

Na wasiseme sijifunzi. Safari hii nimechukua tahadhari. Naanza na masufuria madogo.